Shajara ya Babu: miezi mitatu ya kumkanda mbwa mwenye nyonga mbovu

Mbwa ninayemwandikia hapa anaitwa Babu. Jina alipewa akiwa na wiki nane kwa sababu ya makunyanzi ya uso, na sasa ana miaka 11, jina limemfikia. Ni chotara mkubwa kiasi, kilo 31.4 siku shajara inapoanza. Asubuhi anaamka kwa mafungu: miguu ya mbele kwanza, kisha anatulia kama anayepiga hesabu, ndipo nyuma inafuata kwa kujikongoja.

Naandika kila hatua inapoisha, ili mwenye mbwa wa namna hii aone nilipopotea asipite palepale. Yaliyokwenda sawa nayapita haraka. Gharama naihesabu kwa dakika na kwa imani ya mbwa, maana vifaa vyenyewe ni vichache: taulo mbili, godoro jembamba, tepu ya fundi cherehani, mfuko wa mpira wa maji moto na simu ya kurekodia video.

4 Januari: kwa daktari kabla ya mkono wowote

Daktari wa mifugo alimtembeza Babu uani, akamtomasa uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, kisha akageuza nyayo za nyuma moja moja ili mgongo wa unyayo uguse sakafu, akangoja. Babu alizirudisha papo hapo. Mbwa anayechelewa kuurudisha unyayo huenda tatizo lake liko kwenye uti wa mgongo au mishipa ya fahamu, na huyo hakandwi nyumbani hadi ijulikane ana nini. Joto la mwili lilikuwa 38.6, na la kawaida kwa mbwa ni kati ya 38.3 na 39.2. Eksirei ilionyesha baridi yabisi kwenye nyonga zote mbili, ya kushoto ikiwa mbaya zaidi.

Gegedu lililolika halirudishwi kwa kukandwa. Hilo nililiuliza wazi nikajibiwa wazi. Kinachowezekana ni kulegeza misuli iliyokakamaa kwa kuilinda nyonga, ili mbwa autumie mguu zaidi na misuli isiendelee kukonda. "Dawa mpe kila siku kama nilivyoandika, hata akionekana mzima," daktari alisema. "Kukanda ni nyongeza."

Nilitoka na orodha ya wakati wa kutogusa kabisa: homa, jeraha wazi, ngozi yenye maambukizi, uvimbe usiojulikana ni wa nini, mguu ulioumia ndani ya siku mbili tatu zilizopita, na mbwa yeyote anayeshukiwa kuwa na tatizo la diski za mgongo. Dawa za maumivu za binadamu hazimhusu. Parasetamoli na ibuprofeni zimeshaua mbwa. Na ile dawa ya kuchua inayonukia iliyoko kwenye kila kabati la nyumba haipakwi mbwa, kwa sababu atajilamba, na kinachowasha ngozi yetu kitamwingia tumboni.

Kosa dogo la siku: dawa ilianza jioni ileile kabla sijapima chochote. Sikujutia, maana mbwa mwenye maumivu hasubirishwi kwa ajili ya daftari langu. Ila namba zote za hapa chini ni za Babu aliye kwenye dawa, na msomaji azisome hivyo.

13 Januari: vipimo, na tepu iliyonidanganya

Nilichagua vipimo vitatu ambavyo havimsumbui. Sekunde anazotumia asubuhi kutoka kulala hadi kusimama kwa miguu yote minne. Dakika za matembezi ya asubuhi hadi kuchechemea kunapotulia na hatua kulingana. Na mzunguko wa paja kila Jumapili, kwa kuwa mguu usiobebeshwa uzito hupoteza nyama.

Viwili vya kwanza vilikuwa rahisi. Kwa siku nane bila kukandwa, namba ya katikati ni sekunde 9 na dakika 7. Natumia namba ya katikati badala ya wastani kwa sababu siku moja mbaya huuvuta wastani, na Babu ana siku mbaya zake.

Paja ndilo lililonitoa jasho. Kipimo cha kwanza kilikuwa sentimita 38.5. Nusu saa baadaye, mguu uleule, 40.3. Hakuna msuli duniani unaoota hivyo. Niliporudia nikigeuza jambo moja moja nikaona wachawi ni watatu: manyoya, nguvu ya mkono wangu kwenye tepu, na jinsi alivyosimama. Akihamishia uzito kwenye mguu unaopimwa, msuli unajikaza na namba inapanda.

Marekebisho: nilimnyoa alama ya upana wa kidole upande wa nje wa paja, katikati ya nyonga na goti, tepu ipite hapo kila mara. Mpwa wangu anamshika Babu taya, kichwa kitazame mbele. Tepu inagusa ngozi bila kuibonyeza. Napima mara tatu, nachukua ya katikati. Sasa tofauti haizidi nusu sentimita, na chochote kilicho chini ya hapo sikihesabu kuwa kitu. Kushoto 38, kulia 40.

20 Januari: wiki ya hasara

Kiswahili kina kukanda, kuchua, kusinga na kutomasa, na kila kimoja kina mkono wake. Mimi niliingia kazini na kimoja tu, kuchua, kile anachofanyiwa mtu aliyeteguka mguu huku akiuma meno. Nyonga mbovu ni ya kushoto, basi nikaiendea nyonga ya kushoto. Vidole gumba viwili, mzunguko juu ya mzunguko, dakika 25, siku sita mfululizo.

Siku ya kwanza alilala kimya. Alipiga miayo, akajilamba pua. Kwenye daftari nikaandika: "Amelegea sana, anasinzia." Siku ya tatu nilipoitandaza taulo aliitazama, akaenda kusimama nyuma ya kiti. Siku ya nne nikamvuta kwa ukosi. Siku ya sita alfajiri alisimama kwa sekunde 14. Namba ya katikati ya wiki ni sekunde 12, na dakika za kuchechemea zimefika 9. Nilikuwa nimemrudisha nyuma kuliko nilivyomkuta.

Jioni hiyo niliketi na video, bila sauti, kwa mwendo wa polepole. Gumba linapoingia kwenye nyonga, pembe ya mdomo inarudi nyuma kama iliyovutwa kwa uzi. Ulimi unatoka mara moja, unagusa pua, unarudi. Jicho linageuka kunitazama huku kichwa hakijageuka, weupe ukionekana pembeni kama mwezi mwandamo. Halafu ndiyo unakuja muayo. Nilikuwa nadhani mbwa hupiga miayo kwa usingizi tu, kumbe hupiga hata akiwa na wasiwasi anaotaka kuutuliza. Na pumzi: kila gumba liliposhuka, ubavu ulisimama. Nilihesabu mara 31 katika dakika kumi za video. Yeye amesema mara 31, mimi naandika "amelegea".

Gharama ya wiki: dakika 150, pamoja na taulo, ambayo hakutaka tena kuiona. Imehamia kwenye ndoo ya kudekia.

25 Januari: mizani ya jikoni

Siku nne sikumgusa ila kumpapasa kichwa kama zamani. Muda huo niliutumia kuupima mkono wangu mwenyewe. Nilikunja taulo juu ya mizani ya jikoni nikabonyeza kwa gumba kama nilivyokuwa nikimbonyeza Babu. Kilo 4 na ushei, zote kwenye eneo la sarafu.

Nikakaa hapo na mizani kama mtoto anayejifunza kuandika. Kiganja kilicholegezwa, kinachotua kwa uzito wake tu, kinasoma gramu 250 hivi. Hiyo nimeiita nguvu ya kwanza, na ndiyo ninayoitumia karibu muda wote. Kilo moja kwa kiganja kizima ndicho kikomo changu kwenye nyama nene. Nilirudia hadi nikaweza kupatia nikiwa nimefumba macho. Anayetaka kuiga hii shajara aanzie kwenye mizani. Ni zoezi la dakika kumi, na lingeniokolea wiki nzima.

Utaratibu mpya ni huu. Godoro, si taulo, na mlango uwe wazi. Aje mwenyewe. Kiganja kimoja kinatua begani na hakisogei hadi pumzi iteremke. Mbwa aliyetulia hupumua kama mara 15 hadi 30 kwa dakika, na Babu akiwa na amani yuko 18. Kisha mpapaso mrefu kutoka shingoni hadi kiunoni kwa kufuata manyoya, kando ya uti wa mgongo pande zote mbili, kamwe si juu ya mifupa yenyewe. Miguuni mkono unatoka chini kwenda juu, kuuelekea moyo, ndiko damu na majimaji ya mwili yanakorudi. Hapo pia kuna mtego: kwenda juu ni kwenda kinyume cha manyoya, na akipapaswa hivyo kwa ncha za vidole anauvuta mguu. Kiganja kizima kikiuzunguka mguu na kupanda polepole, anauacha.

Kila dakika moja naondoa mkono na kungoja. Akibaki alivyo au akinisogelea, tunaendelea. Akinyanyuka, imekwisha, hata kama ndiyo kwanza tumeanza. Mara ya kwanza alinipa dakika 3. Ya pili, 2. Kufika tarehe 31 alikuwa akinipa 9.

8 Februari: mzigo ulikuwa mbele

Hii ndiyo sababu ya shajara yote.

Kwa woga tu, nyonga nilikuwa nimeiacha, nikabaki na mpapaso mrefu wa mgongo na mabega. Kumbe mpapaso huo ndio unaofundisha mkono. Baada ya siku kumi kiganja kikaanza kutambua pa joto na pa baridi, na ngozi inayoteleza na isiyoteleza. Kwenye mbavu, ngozi ya Babu unaishika kwa vidole viwili, unainyanyua na kuiviringisha kama pindo la shuka. Nyuma ya bega la kulia haikunyanyuka. Imeshikamana. Chini yake, kwenye ule msuli mnene unaojaza nafasi kati ya bapa la bega na kiwiko, kulikuwa na mkanda mgumu uliolala kama kalamu chini ya zulia.

Bega la kulia, wakati ugonjwa uko kwenye nyonga ya kushoto. Nilidhani nimekosea upande.

Mbwa aliyesimama hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na 40 kwa ya nyuma, hata akiwa mzima. Nyuma ikiuma, anainama kidogo na kusukuma zaidi mbele. Sasa, mguu wa mbele wa mbwa haukuungwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa kwa mfupa. Hana mtulinga kama wetu. Kifua kinaning'inia katikati ya mabega kwa misuli mitupu, kama mtu aliyelala kwenye machela. Kila kilo inayohamishwa kutoka nyonga mbovu inapokewa na nyama. Kumbe nilikuwa nauguza mgonjwa nikamsahau mchukuzi.

Kabla ya kuligusa bega nilitaka kujua kwamba lenyewe haliumwi. Mbwa mwenye mguu mbovu wa mbele hujifichua kwa kichwa: kinapanda mguu mbovu unapokanyaga, kinashuka mguu mzima unapokanyaga. Nilimrekodi Babu akija mbele yangu kwa mwendo wa mchapuko. Kichwa kilikaa sawa. Daktari aliitazama video, akamkunja na kumkunjua kiwiko na bega siku aliyokuja kupimwa uzito, akasema niendelee.

Nilianza kwa ngozi tu, kuinyanyua na kuiachia kandokando ya pale ilipogoma, bila kupalazimisha pale penyewe. Siku ya tatu ndipo nikaufikia msuli, kwa kisigino cha kiganja, nikikanda kama unavyokanda unga uliokwisha kulainika: sukuma, ngoja, achia. Kwenye mkanda mgumu sikusugua. Nililaza vidole vinne juu yake kwa nguvu ya kwanza nikakaa. Zikapita sekunde 40 hivi bila lolote. Kisha ngozi ikatikisika chini ya vidole, mara mbili, kama ya ng'ombe anayefukuza nzi. Sikio la kulia lililokuwa limesimama likaanguka. Babu akashusha pumzi ndefu iliyotoka na sauti, akaunyoosha mguu wa mbele wote hadi vidole vikatanuka, akaurudisha. Kalamu bado ilikuwepo, lakini ncha zake zilikuwa laini.

Wiki iliyofuata: sekunde 7, dakika 5. Nyonga haijaguswa hata siku moja.

16 Februari: joto

Kukanda kwa maana ile nyingine, ya maji ya moto, kulinishinda mara ya kwanza. Taulo iliyochovywa na kukamuliwa ilikuwa ya moto kwa dakika tatu, kisha ikawa kitambaa cha baridi juu ya manyoya mabichi, na mbwa mzee aliyelowa kiunoni hakakamai kidogo. Nikahamia kwenye mfuko wa mpira wenye maji moto, uliofungwa taulo kavu mara mbili. Nauweka kwanza upande wa ndani wa mkono wangu kwa dakika nzima. Nikitamani kuutoa, ni moto mno kwake. Dakika 10 hadi 15 kabla ya kukanda, kwenye misuli ya kiuno na paja, na simwachi peke yake nao, kwa sababu mbwa aliyesinzia anaweza kuungua asijitoe. Pakiwa pamevimba au pana joto lake lenyewe, mfuko hauwekwi.

22 Februari: kucha na sakafu

Nilikuwa nasikia tik-tik-tik kwenye sakafu miaka yote nikidhani ndiyo sauti ya mbwa kutembea. Kucha zikigusa sakafu mbwa amesimama, vidole vinasukumwa juu na uzito unarudi nyuma ya unyayo, na mguu mzima unajipanga upya kwa ajili ya kipande cha kucha.

Nikazikata zote jioni moja, na ya sita nikaikata hadi kwenye nyama. Kucha nyeusi hazionyeshi mahali sehemu hai inapoanzia. Damu ilikatika baada ya kuibana kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa, lakini unyayo ule sikuruhusiwa kuugusa kwa siku sita, na kwa siku mbili za mwanzo hata bega la upande huo nilinyimwa. Gharama: siku sita za imani kwa milimita mbili za haraka. Sasa natumia tupa, kucha mbili kwa siku, kidogokidogo. Sehemu hai nayo hurudi nyuma kadiri ncha inavyopunguzwa mara kwa mara.

Kwa kuwa nilikuwa nimefungiwa miguu, nikakaa nikamtazama tu. Vigae. Kila alipogeuka kwenye kona ya kuelekea kwenye bakuli la maji, miguu ya nyuma ilitawanyika, akaikusanya kwa mkazo ulioonekana hadi mabegani. Nikahesabu mara 11 kwa jioni moja. Ninachokilegeza saa moja usiku anakikaza upya kabla ya saa mbili. Nilitandaza mikeka yenye mpira chini kwenye njia zake zote: kitandani, kwenye maji, mlangoni.

Siku nne baadaye sekunde zilishuka kutoka 7 hadi 5, na dakika hadi 4. Kukubali kuliniuma kidogo: mikeka ilifanya kwa siku nne kilichonichukua mimi wiki mbili. Ningeanza upya, ningeanza chini, sakafuni.

8 Machi: kunyoosha viungo, nilikokuacha

Nilijaribu kuusogeza mguu wa nyuma mwenyewe, mbwa akiwa amelala ubavu, mwendo wa kama baiskeli. Mara mbili alivumilia. Mara ya tatu niliuvuta nyuma zaidi kidogo na goti likafunguka kwenda nje. Hakulia. Alinigeukia akaweka mdomo juu ya kifundo cha mkono wangu, wazi, bila kubana, akaniangalia. Mbwa huyu hajawahi kuniwekea meno kwa miaka 11.

Makosa yalikuwa mawili. Mkono mmoja ulikuwa unyayoni na mwingine haukuwa chini ya goti, kwa hiyo nyonga ilibeba uzito wa mguu uliosokotwa. Pia kwa mbwa mwenye baridi yabisi ya nyonga, kuusukuma mguu nyuma ndiko kunakouma zaidi. Anayefundishwa na mtaalamu anaweza kufanya hili vizuri, mikono miwili ikishika juu na chini ya kiungo, kwenye mstari uleule wa kutembea, akikoma kabla ya kugoma. Mimi nimeliacha. Badala yake namwonyesha tonge la chakula chake, nalipeleka polepole ubavuni, kisha kiunoni, kisha chini kati ya miguu ya mbele, naye anajinyoosha mwenyewe hadi anapotaka. Mara tatu kila upande.

15 Machi: wiki bila mikono

Nilishabadilisha mambo mengi kiasi cha kutojua kipi kinafanya nini. Kwa hiyo kuanzia tarehe 8 jioni hadi leo sikumkanda. Dawa, mikeka, matembezi na matonge ya kujinyoosha viliendelea vilevile.

Sekunde za asubuhi, siku kwa siku: 5, 5, 6, 6, 7, 6, 7. Za katikati ni 6. Dakika za kuchechemea zilipanda kutoka 4 hadi 6. Kwenye bega la kulia, ngozi iliyokuwa imeanza kunyanyuka ilianza tena kugoma siku ya tano.

Hivyo kwa kuamka mikono inachangia sekunde moja, ambayo siku mbaya inaweza kuimeza. Kwenye dakika za mwanzo za matembezi inachangia zaidi. Ni mbwa mmoja na wiki moja, na aliyepima ndiye aliyekuwa akikanda. Anayetaka uhakika zaidi arudie kukoma na kuanza mara kadhaa, na ampe mtu mwingine saa ya kupimia. Mwezi ujao nitampa mpwa wangu.

Jambo ambalo halikuingia kwenye jedwali: usiku wa tatu, saa ileile, Babu alikwenda godoroni akalala ubavu wa kushoto, bega la kulia juu. Nikakaa kwenye kiti changu kwa ajili ya sayansi. Alingoja dakika nne.

29 Machi: uvimbe

Nikiwa kwenye mbavu za kushoto, vidole vilikutana na kitu cha ukubwa wa zabibu chini ya ngozi, laini, kinachokimbia kikisukumwa. Kiganja kimepita hapo karibu kila siku tangu Januari, na hapo hapakuwa na kitu. Niliondoa mkono. Nilikizungushia alama ya kalamu, nikapiga picha na sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, nikasitisha kukanda kwa siku tano hadi miadi.

Daktari alivuta sampuli kwa sindano nyembamba, akaitazama kwa hadubini: mafuta. Uvimbe wa mafuta ni jambo la kawaida kwa mbwa wazee, na wa Babu utaachwa ulivyo, upimwe kila mwezi. Naupita kando ninapokanda. Kwa macho na vidole vitupu usingetofautishwa na uvimbe mbaya, kwa hiyo siku tano hizo sizihesabu kuwa hasara.

12 Aprili: hesabu ya mpaka sasa

Sekunde 5. Dakika 3. Paja la kushoto limetoka 38 hadi 39, la kulia limebaki 40, na sentimita moja iko juu ya kile kipimo changu cha "si kitu". Uzito umeshuka kutoka kilo 31.4 hadi 29.3 kwa chakula kilichopimwa kwenye mizani ileile ya jikoni, kwa kiasi alichopanga daktari. Hiyo ni karibu asilimia 7, na kwa mbwa mnene mwenye baridi yabisi hata asilimia 6 huweza kuonekana kwenye mwendo. Kwa hiyo sehemu ya sifa ninazotaka kujipa ni ya bakuli.

Gharama: dakika 150 za wiki ya hasara, kisha vikao vya dakika 12 hivi, siku tano kwa wiki. Jumla saa 12 za kukanda, na kama saa 5 za kupima na kutazama video. Safari nne kwa daktari. Taulo moja.

Kikao chenyewe kimetulia hivi: joto dakika 10 kiunoni, kiganja kinachotua, mpapaso mrefu, ngozi ya mabega, misuli ya mabega yote mawili ukianza na la kulia, kifua, mapaja kwa nguvu ya kwanza tu, na mpapaso wa kufungia. Nyonga yenyewe nalaza kiganja juu yake bila kukisogeza, akitaka. Siku nyingi anataka.

Kisichobadilika: ngazi tatu za mlangoni bado anazipanda kwa kuruka kama sungura, miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja. Nimemwekea ubao wenye mteremko uliovishwa zulia. Ameunusa siku ya nne hii, anaupita kando, anaruka.

Jana usiku alinyanyuka dakika ya 7, katikati ya bega, akaenda kunywa maji, akalala kwingine. Nimeandika 7.